Ituri haihitaji maduka ya bunduki, inahitaji mwindaji mwenye karti

Kila mara habari ya mauaji mapya inapofika Bunia kutoka Djugu, Irumu ao Mambasa, kuna hoja moja inayorudi. Inasemwa kwenye vituo vya taksi-moto, kwenye vibanda vya kuuzia yunite za simu, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Inasema hivi: huko Marekani kila raia ana bunduki nyumbani, na hakuna mtu anayekuja usiku kukata watu mapanga. Basi serikali ya Kinshasa igawe silaha kwa wananchi, ama iwaruhusu wajinunulie, kila mtu alinde mlango wake.

Hii si hoja ya wajinga. Mara nyingi mtu anayeisema amezika ndugu. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, katika Djugu, ilishambuliwa usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022. Watu karibu 60 waliuawa, na kambi za jeshi na za MONUSCO hazikuwa mbali. Anayemwambia manusura wa Savo kwamba silaha ni kitu kibaya, kisha akaishia hapo, hajamwambia kitu. Lakini hoja yenyewe imejengwa juu ya Marekani ambayo haipo. Ile iliyopo inajulikana leo kuliko zamani, kwa sababu Wakongomani wenyewe wanaishi ndani yake.

Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote mwaka ule. Mwaka wa 2024 walikuwa karibu 20,000, kabla ya mlango kufungwa Januari 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha mpango wote. Wengi ni watu wa Kivu, wengine ni watu wa Ituri waliopitia kambi za Uganda kama Kyangwali. Walitawanywa Texas, Kentucky, Iowa, Michigan, na miji mingine ambayo hawakuwa wamewahi kusikia jina lake. Simu za Bunia zinapokea picha zao: theluji, gari la kwanza, watoto na mabegi ya shule. Na siku hizi picha nyingine pia, ya mwanaume aliyevaa koti la rangi ya machungwa, bunduki begani, mnyama mwenye pembe amelala miguuni pake.

Ni vizuri picha hiyo isomwe polepole.

Mtu aliyekulia Ituri anajua bunduki kwa namna moja. Akiisikia, anakimbia. Akiiona mikononi mwa mtu asiyevaa sare, anakimbia. Akiiona mikononi mwa mwenye sare, anapunguza mwendo na kuanza kutafuta pesa mfukoni. Mtu huyo akiingia duka la Walmart huko Marekani, lile duka ambalo watu wananunulia mchele na mafuta, katika matawi mengi atakuta bunduki za kuwindia zimepangwa nyuma ya kioo, karibu na ndoano za samaki na mahema. Hakuna anayekimbia. Wazee wanauliza bei. Kwa mgeni kutoka Djugu, pengine hakuna kitu cha ajabu zaidi katika nchi ile nzima, hata theluji.

Na sheria inamruhusu kununua. Mkimbizi aliyepokelewa kihalali, ao mwenye karti ya kijani ya ukaaji, hazuiliwi kwa sababu tu si raia. Kwa mtu wa visa ya matembezi ni kinyume: amekatazwa. Lakini katazo hilo lina mlango wa pembeni, na mlango wenyewe unasema mengi kuhusu Marekani: mgeni wa visa akiwa na kibali cha kuwinda, anaweza kuruhusiwa. Kwa hiyo mbele ya sheria ile mwindaji si mtuhumiwa. Ni mtu anayejulikana anakwenda wapi na bunduki yake.

Kujulikana huko kuna kazi yake. Anayenunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni anajaza fomu ya serikali, anaandika jina, anwani, na kujibu kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa ao kwa kumpiga mke wake. Kusema uongo juu ya karatasi ile ni kosa la jela. Tangu mwaka 1998, muuzaji lazima jina la mnunuzi lichunguzwe na FBI kabla hajampa silaha. Bastola haiuzwi dukani kwa mtu wa chini ya miaka 21, bunduki ndefu kwa wa chini ya miaka 18. Katika jimbo la Michigan, sheria iliyoanza Februari 2024 inadai kibali kwa kila bunduki, hata ya kuwindia, na mwenye watoto nyumbani lazima aifungie silaha yake.

Ukweli usipindishwe hapa. Marekani haina daftari moja la taifa la silaha. Sheria ya mwaka 1986 inalikataza. Katika majimbo mengi mtu anaweza kumuuzia jirani yake bunduki bila karatasi yoyote, na hata zile karatasi za dukani hupita mikononi mwa waongo. Tena si kweli kwamba kila Mmarekani ana silaha. Uchunguzi wa Small Arms Survey wa mwaka 2018 ulikadiria bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, nyingi kuliko watu wenyewe. Lakini watu wazima wanaosema wana bunduki ni kama theluthi moja tu. Wengine wamerundika kumi, theluthi mbili hawana hata moja. Na wawindaji ni wachache zaidi, takriban milioni 14 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330.

Lakini ni hao wawindaji ambao Ituri ingefaa kuwaangalia, kuliko wote.

Michigan ni mfano mzuri, kwa sababu Wakongomani ni wengi huko, hasa katika mji wa Grand Rapids. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki unafunguliwa tarehe 15 Novemba, kila mwaka, na unafungwa tarehe 30. Baadhi ya shule hufunga siku hiyo ya kwanza, kwa kuwa darasani kungekuwa na viti vitupu. Kijana anayetaka kuanza lazima asome kwanza somo la usalama na kupewa cheti. Kisha ananunua kibali chenye jina lake. Anapoingia porini anavaa rangi ya machungwa inayoonekana toka mbali, ili mwindaji mwingine asimdhanie mnyama. Akimwua paa, lazima aonyeshe kwamba mnyama yule amehesabiwa kwenye kibali chake. Maofisa wa wanyamapori wanazunguka na magari, wanasimamisha watu na kudai karatasi, na mtu aliyeua nje ya msimu anaweza kupoteza haki ya kuwinda kwa miaka.

Halafu kuna sharti ambalo mtu wa Mambasa angelisikia mara mbili: nyama ile haiuzwi. Mwindaji anakula na jamaa yake, anawagawia majirani, ao anaitoa kwa mashirika yanayolisha maskini. Akiipeleka sokoni, amevunja sheria.

Wamarekani hawakuzaliwa na busara hiyo. Karne moja na nusu nyuma walikuwa wanawinda kama inavyowindwa leo kando ya barabara ya Epulu, kwa ajili ya soko. Mwaka 1878 huko Petoskey, Michigan hiyohiyo, wawindaji wa biashara waliingia mahali ambapo njiwa wa porini walikuwa wanataga kwa mamilioni, wakawaua na kuwapakia kwenye treni kuelekea miji mikubwa. Njiwa wa aina hiyo walikuwa wengi kiasi cha kufunika jua. Wa mwisho alikufa mwaka 1914 ndani ya tundu katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Paa nao walikuwa karibu kwisha katika majimbo mengi. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine nyama ya mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria. Na mwaka 1937 ikaja sheria nyingine ya kodi: asilimia 11 ya bei ya bunduki ndefu na risasi inakwenda kwenye mfuko wa kulinda wanyama na pori. Mwindaji mwenyewe ndiye anayelipa sehemu ya mshahara wa mtu anayemchunguza. Paa wamerudi, sasa wanakula maua ya watu bustanini.

Bunduki ya mtu aliye kwenye picha, yule wa koti la machungwa, imefungwa katika kamba hizo zote. Anayetuma picha hatumi kamba.

Sasa Ituri. Eneo la Mambasa lina wawindaji kabla Marekani haijapata jina. Bambuti wa msitu ule waliwinda kwa nyavu: wanaume wanatandaza nyavu katika nusu duara, wanawake na watoto wanapiga kelele wakifukuza wanyama kuelekea huko, na mboloko anayenaswa anagawanywa kwa kanuni inayojulikana, huyu aliyeleta wavu, huyu aliyeshika mnyama wa kwanza. Sehemu ya nyama ilikwenda kwa wakulima wa kijijini, ikabadilishwa na ndizi na mihogo. Wavu una mipaka yake yenyewe. Hauwezi kubeba zaidi ya kile mgongo wa mtu unachoweza kubeba, na msitu ukiwa umechoka, kambi inahama.

Bunduki haikufuata kanuni hiyo, na soko halikuifuata pia. Barabara ya kitaifa nambari 4 inayotoka Kisangani kupitia Epulu na Mambasa hadi Komanda imekuwa njia ya nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi. Machimbo ya dhahabu yamejaza msitu watu ambao lazima wale. Bunduki za kienyeji, zile ambazo sehemu nyingi za Kongo zinaitwa pupu, zinatengenezwa na mafundi wa vijijini kwa bomba la chuma. Kalibre 12 inapatikana. Kalashnikov ya vita ikikosa kazi mchana, usiku inakwenda kuwinda.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana tarehe 24 Juni 2012. Watu wa Maï-Maï Simba waliokuwa chini ya Paul Sadala, aliyejulikana kwa jina la Morgan, walivamia kituo cha Epulu katika Hifadhi ya Okapi. Morgan alikuwa amejulikana kama muuaji wa tembo kabla ya kujulikana kama kiongozi wa waasi. Waliua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma nyumba, wakapora, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale waliangamia wote. Okapi hayuko porini nchi nyingine yoyote duniani. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1992, ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996, na mwaka uliofuata tu ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Haijatoka humo hadi leo.

Watu wanasema Kongo haina sheria. Inayo. Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga uwindaji, inataja vibali vya aina mbalimbali, hata kibali cha mtu wa kijijini na kile cha pamoja cha wanakijiji wanaowinda kwa silaha za jadi. Inalinda wanyama fulani kabisa, okapi mmoja wao. Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema hakuna anayeshika silaha bila ruhusa. Karatasi zipo Kinshasa, na bila shaka nakala ziko Bunia. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikia. Mwindaji wa kijiji cha ndani ya Mambasa angepaswa kusafiri siku nzima, apite barieri ambazo kila moja ina bei yake, afike ofisini aulizwe pesa nyingine, kwa ajili ya karti ambayo askari wa barieri ya kurudia pengine hataitambua. Anaona heri abaki kimya na pupu yake. Na akiisha kubaki kimya, hana namna ya kuonyesha kwamba yeye si muasi. Siku jeshi linapopita kijijini likitafuta wapiganaji, bunduki yake na ya mpiganaji zinafanana.

Hapa ndipo hoja ya taksi-moto inapoanguka kwanza. Ituri tayari ina raia wenye silaha, wengi sana. Inachokosa ni raia mwenye silaha ambaye serikali inajua jina lake, na ambaye anaogopa kupoteza kibali chake.

Inaanguka mara ya pili kwenye neno kujilinda. Wanaoisifu Marekani hawataji hesabu ya upande wa pili. Mwaka 2022 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 katika nchi hiyo isiyo na vita, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Silaha ya kumngojea mwizi ilitumiwa na mwenye nyumba siku ya huzuni. Jambo hilo huku Kongo halizungumzwi sana, lakini kila jamaa ina mtu ambaye usiku fulani haikufaa awe na bunduki karibu.

Na Wakongomani wamekwisha kulipa bei ya kuishi katika nchi ambayo kila mtu anaweza kuwa na silaha. Patrick Lyoya alikuwa na miaka 26. Jamaa yake ilikimbia vita vya mashariki ya Kongo na kufika Marekani mwaka 2014. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, katika Grand Rapids, polisi alimsimamisha kwa sababu namba ya gari haikulingana na gari. Lyoya hakuwa na silaha. Alijaribu kukimbia, wakashikana, wakagombania kifaa cha umeme cha polisi, na mwishoni polisi, Christopher Schurr, akampiga risasi nyuma ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Schurr alishtakiwa kwa mauaji. Alijitetea kwamba aliogopa kwa maisha yake. Mei 2025 wazee wa baraza la mahakama walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutorudia kesi. Mtu anaweza kubishana kuhusu ubaguzi wa rangi katika kesi ile, na yapo ya kubishana. Lakini jambo moja ni wazi: polisi wa nchi yenye bunduki milioni 393 anafundishwa kuogopa kila mkono. Baba aliyewatoa watoto wake Kongo ili risasi isiwafikie alizika mtoto wake Michigan.

Kesi nyingine ya Michigan ingefaa kusomwa kwa sauti katika kila kijiji cha Djugu. Mwishoni mwa Novemba 2021, baba mmoja alinunua bastola; siku nne baadaye mtoto wake wa miaka 15 aliipeleka katika shule ya sekondari ya Oxford na kuua wanafunzi wanne. Mtoto alifungwa maisha. Lakini mwaka 2024 mahakama iliwahukumu pia baba na mama, kila mmoja kati ya miaka 10 na 15, kwa sababu silaha ilitoka mikononi mwao. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya aina hiyo shuleni.

Nani alimpa mtoto bunduki? Ituri inalijua swali hilo kuliko Michigan. Ndilo swali la hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, dhidi ya Thomas Lubanga wa UPC, aliyepatikana na hatia ya kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Alipewa miaka 14, akaimaliza mwaka 2020, akarudi. Mwaka 2025 alitangaza vuguvugu jipya lenye silaha, CRP. Watoto aliowaandikisha wakati ule sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao wenyewe wa umri uleule.

Inafaa kukumbuka kwamba wakati ule pia neno lilikuwa kujilinda. Hakuna kundi hata moja Ituri lililojitambulisha kama washambuliaji. CODECO ilianzishwa katika miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima. Leo wanaobeba jina hilo wanasema wanalinda Walendu. Kundi la Zaïre linasema linalinda Wahema. FPIC inasema inalinda Wabira. Kila mmoja alichukua silaha kwa sababu jirani alikuwa nayo, na jirani akaongeza kwa sababu hiyohiyo. Hilo ndilo jaribio ambalo vijana wa taksi-moto wanaomba lianze, na linaendelea tangu mwaka 1999. ADF ni jambo jingine, lilitoka Uganda na halisemi linalinda mtu. Lakini hata dhidi yao, kijiji chenye pupu kumi kimechomwa sawa na kijiji kisicho nayo.

Kunyang'anya tu hakujatosha pia, hili lisemwe wazi. Juni 2003, askari wa Umoja wa Ulaya waliokuja kwa operesheni Artemis chini ya jenerali Mfaransa walitangaza Bunia mji usio na silaha zinazoonekana. Neno "zinazoonekana" lilikuwa na kazi yake: silaha ziliingia chini ya vitanda, nyingine zikatoka nje ya mji na kungoja. Kati ya 2004 na 2005 programu ya DCR iliwaandikisha wapiganaji zaidi ya 15,000, lakini silaha zilizorudishwa zilikuwa chache kuliko watu. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya état de siège, na tangu mwaka huohuo kuna programu nyingine, P-DDRCS. Kila mara mezani kuna mtu wa kuandika majina ya wapiganaji. Mwindaji wa Mambasa, ambaye hajawahi kupigana na mtu, haoni meza ya kwake. Ili aandikwe lazima aseme uongo kwamba alikuwa muasi, na wako waliofikiria kwamba uongo huo una faida, kwa kuwa muasi anapewa vifaa na pesa kidogo ilhali mtu wa amani hapewi hata karatasi.

Meza hiyo ndiyo inayoweza kuombwa Bunia leo bila kungoja vita viishe. Ofisi ya jimbo ya mazingira, ICCN, na machifu wa Mambasa na wa sehemu tulivu za Irumu wangeanza na kibali cha pamoja ambacho sheria ya 1982 imekwisha kukitaja: kijiji kwa kijiji, majina ya wawindaji mbele ya chifu, nyavu na kalibre 12 zikiandikwa, pupu zikipewa namba zilizochongwa juu ya chuma. Karti itolewe kijijini, si Bunia, na bila malipo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu hatatembea kilomita 100 kununua kitu ambacho babu yake hakukinunua. Kalashnikov isiandikwe hata kidogo. Anayekuja nayo anaelekezwa kwa P-DDRCS, na hapo watu watajua tofauti.

Nyama ingebaki swali gumu zaidi. Kumwambia mama anayeuza mboloko wa kukaushwa kando ya barabara ya Epulu kwamba Michigan nyama ya porini haiuzwi ni kumcheka. Mwindaji wa Michigan anarudi nyumbani kwenye friji yenye kuku; yeye hana. Lakini kuna tofauti kati ya mboloko wawili wa kijiji na lori zima linaloshuka kuelekea machimbo na miji, na barieri zilizopo zinaweza kuitambua, kwa kuwa tayari zinatambua mzigo mkubwa pale zinapoutoza. Wenye machimbo yanayoajiri mamia ya watu ndani ya msitu walazimishwe kuleta ng'ombe na samaki. Bei ya chakula cha wachimbaji imekuwa ikilipwa na wanyama wa msitu kwa miaka zaidi ya 20.

Jeshi litasema kwamba kuwaandika wenye bunduki ni kuwahalalisha. Jibu liko kwenye barieri ya Komanda. Leo askari aliyesimama pale akimkuta mtu na bunduki ya kienyeji ana njia mbili: amkamate kama muasi ao achukue pesa amwache apite. Muasi halisi, mwenye pesa, anapita. Askari akiwa na orodha ya majina na namba kutoka kila kijiji, angalau angeweza kumwuliza mtu huyo swali la tatu: karti yako iko wapi?